Baiskeli ya kikapu ya Kijapani kwenye milima ya Mbeya: uzoefu wangu

Nianze na jibu la swali ninaloulizwa kila nikisimama Kabwe au Soweto, hapa Mbeya mjini: ndiyo, baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile ya kikapu mbele, inaiweza Mbeya. Ila haiiwezi jinsi inavyoshushwa kwenye kontena. Ukiichukua hivyohivyo utakuwa unaisukuma kwa mkono kila mlima, na baada ya wiki chache utaiuza kwa hasira.

Yangu niliipata kwa laki mbili na nusu. Fremu ni ya chuma, ya kike, ile iliyoshuka katikati, kwa hiyo napanda na gauni langu la kitenge bila shida. Madigadi ni marefu, cheni ina kava, keria ya nyuma ni ngumu kweli, na stendi ni ya miguu miwili, haiangushi mzigo. Juu ya gurudumu la nyuma kuna kufuli la duara. Hapo kabla hujatoa hela omba ufunguo, maana nyingi zinafika bila ufunguo na itabidi fundi akate kwa grainda.

Kilichonivuta hasa ni gia. Ziko tatu, zote ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, aina ya Shimano Nexus. Ya pili ni ya moja kwa moja, yaani gurudumu linazunguka sawasawa na gia ya meno inayovutwa na cheni. Ya kwanza inashusha mwendo hadi asilimia 73 ya hiyo, ya tatu inaupandisha hadi 136. Hakuna kitu kinachoning'inia nje kikasubiri tope. Aliyewahi kupita Rungwe wakati wa mvua na baiskeli ya gia 21 anajua tope lile linavyojaza vile vigurudumu vidogo vya nyuma mpaka cheni inaruka. Na hii unaibadilisha gia hata ukiwa umesimama, unasubiri bajaji igeuze.

Sasa ugonjwa wake. Ilikuja na meno 32 mbele na 14 nyuma, mpangilio wa mji tambarare. Kwa gurudumu la inchi 27, hata kwenye gia nyepesi kabisa, pedeli ikizunguka mara moja miguu yako inatakiwa iipeleke baiskeli kama mita tatu na nusu. Jaribu hivyo kutoka Mafiati kupanda Uhindini! Nikampelekea fundi sproketi, ile gia ya meno ya nyuma, yenye meno 22. Akaigeuzageuza mkononi.

“Dada, ukifunga hili utapitwa hata na watoto wa shule.”

“Wapite tu fundi, mimi nataka kupanda.”

Kazi yenyewe ni ndogo. Sproketi inashikwa na pete ya waya; aliitoa kwa bisibisi, akaweka ile kubwa, akaongeza pingili za cheni na kulikunja kava kidogo ili lisiguse cheni. Baada ya hapo mzunguko mmoja wa gia ya kwanza ni mita mbili na robo hivi. Napanda nimekaa, napumua vizuri, nafika kazini bila kubadilisha nguo. Hilo kwangu ni kubwa kuliko spidi. Napenda kuendesha nikiwa nimevaa nguo zangu za kawaida, sweta la baridi na viatu vya kazini, na kofia ngumu kichwani.

Mzigo nimeupima kwa ulezi. Napika togwa nyumbani, na kimpumu, pombe yetu ya ulezi, sikukuu zikifika, kwa hiyo safari za sokoni Mwanjelwa haziishi. Gunia dogo la ulezi linakaa kwenye keria bila fremu kuyumba. Kikapu kinabeba dumu la togwa ninapowapelekea ndugu zangu Uyole. Togwa inaendelea kuchachuka njiani, na mitikisiko inaichangamsha, basi kifuniko nakilegeza nusu mzunguko ili gesi itoke. Dumu lililokazwa linavimba mpaka linasimama wima lenyewe.

Safari ndefu ninayoipenda ni ya Ziwa Ngozi. Unaacha barabara kuu Uyole, unapita Igawilo, halafu mlima unaanza na hauishi upesi. Nikifika kijiji cha Isongole naiacha baiskeli kwa mwenyeji, napanda kwa miguu msituni hadi ziwani. Kupanda sina lawama. Lawama yangu iko kwenye kurudi: breki ya nyuma ni ya mkanda unaobana ngoma, na kwenye mteremko mrefu inapata joto, inapiga kelele mpaka watu wanatoka nje ya nyumba, na nguvu inapungua. Barabara ile ni ya malori ya Malawi. Si mahali pa kubahatisha. Weka raba mpya za breki ya mbele kabla ya safari yoyote ya huko, breki zote mbili uzitumie kwa zamu, na usimame ipoe. Kama ningekuwa nashuka mteremko ule kila siku ningetafuta baiskeli yenye breki nyingine nyuma.

La mwisho ni matairi, na hapa wengi wanapigwa. Yangu yameandikwa 27 x 1 3/8. Madukani yamejaa yale ya baiskeli za Phoenix, 28 x 1 1/2, na muuzaji atakuambia yanaingia. Rimu ya 27 ina kipenyo cha milimita 630, ya Phoenix ni 635. Milimita tano hizo zinatosha kulifanya tairi lichomoke kwenye rimu ukiwa mteremkoni. Nunua ya akiba siku ileile unayonunua baiskeli.

Natafuta nyingine kama hii kwa ajili ya mdogo wangu aliyeko Iringa. Anakaa Ipogolo, kazi yake iko mjini juu, na kila asubuhi nauli inamla. Sproketi ya meno 22 nimeshamnunulia.