Blender na fisi wangu asiyeeleweka

Nilikuwa na kipande cha katuni cha sekunde 8: fisi ananusanusa njiani, ananyanyua kichwa, anaona pande la nyama limening'inia mtini. Nikamwonyesha mdogo wangu bila sauti. "Kaka, huyu mbwa amepotea?" Nyama hata hakuiona.

Kosa lilikuwa langu. Fisi wa kahawia nilimsimamisha mbele ya shina la kahawia, nyama nikaitupa pembeni. Ila dawa niliipata humohumo ndani ya Blender, programu ya bure kabisa ya kutengenezea katuni za 3D, niliyoitumia.

Kwanza kivuli. Kwenye mwonekano wa Solid (unaoonyesha maumbo bila rangi za mwisho), weka mwanga Flat, yaani usio na vivuli, rangi moja nyeusi, na nyuma pawe peupe. Manyoya niliyoyahangaikia wiki nzima yakatoweka, likabaki umbo tupu. Aibu! Mkia, mgongo na shina vilikuwa vimeshikana kama kichuguu. Nikamgeuza fisi ubavu, nikaishusha kamera karibu na ardhi, mdomo wake ukaonekana wazi dhidi ya anga.

Kisha mistari. Chagua kamera, fungua sifa zake, Viewport Display, halafu Composition Guides, uwashe Thirds, mistari inayoigawa fremu sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana. Nyama nikaiweka juu kulia, pale mistari inapokatana, fisi chini kushoto, na tawi nikalipinda lielekee kwenye nyama. Passepartout, kiza kinachofunika nje ya fremu, nikaipandisha hadi 1: nje ya fremu giza totoro, nisihadaike na mti mzuri ambao mtazamaji hatauona.

Mdogo wangu akatazama tena. "Haifikii hiyo!"

Lawama ninazo. Mistari hiyo imefichwa kama hirizi; nimetumia programu mwaka mzima bila kujua ipo. Kuingia kwenye kamera unabonyeza 0 ya upande wa namba, na kompyuta yangu mpakato haina upande huo. Ukiwasha Emulate Numpad, namba za juu ya herufi zinafanya kazi ya upande huo na unapona, lakini 1, 2 na 3 za kuchagulia ncha, kingo na nyuso za umbo unazipoteza. Tena msiifanye mistari kuwa sheria: fisi anapoikodolea macho kamera nilimweka katikati kabisa, ndipo alipotisha.

Mnaochora kwa mkono ndani ya Grease Pencil, zana ya kuchorea ya Blender, mistari ni hiyohiyo, maana kamera ni ileile.