Kapsuli za dondoo ya manjano: lebo nzuri, karatasi ya maelezo yenye kasoro

Kapsuli hizi zimetengenezwa kwa uangalifu, na lebo inataja bayana kilichomo: miligramu 500 za dondoo yenye asilimia 95 ya kurkumini, yaani kiambato kikuu hai cha kiungo cha manjano, pamoja na miligramu 5 za piperini itokanayo na pilipili manga. Uwazi huo unastahili sifa, kwa kuwa manjano makavu ya kawaida huwa na takribani asilimia 3 tu ya kurkumini, na mnunuzi ana haki ya kujua analipia kipi kati ya hivyo viwili. Nilipoimwaga kapsuli moja ndani ya glasi ya maji, unga wake ulielea na kung'ang'ania kijiko bila kuyeyuka, lakini ulipokutana na mafuta kidogo ulitoa rangi papo hapo. Kwa hiyo agizo la kuzimeza pamoja na chakula chenye mafuta ni sahihi.

Tatizo liko kwenye karatasi ya maelezo, inayodai kwamba piperini huongeza ufyonzwaji wa kurkumini kwa asilimia 2,000. Kiwango hicho kilipatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, ambamo watu walipewa gramu 2 za kurkumini na miligramu 20 za piperini, yaani mara nne ya piperini iliyomo katika kapsuli moja. Katika utafiti huohuo, ongezeko kwa panya lilikuwa asilimia 154 tu, tofauti ambayo peke yake ingetosha kumzuia mwandishi makini asiruke kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu.

Hata hivyo karatasi inaruka. Inasema dondoo hii "imethibitishwa" kushusha sukari, kisha maandishi madogo chini yanaeleza kwamba waliopimwa ni panya waliochomwa sindano ya streptozotosini. Kemikali hiyo huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ilhali wagonjwa wengi wa kisukari wana aina ya 2, ambayo huanza mwili unapoacha kuitikia insulini ipasavyo. Matokeo ya panya hao yanampa mtafiti sababu ya kuendelea kuchunguza. Hayampi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa zake, na kwa maoni yangu neno "imethibitishwa" linaweza kumdhuru mtu.

Madai ya karatasi hiyo kwamba dondoo hii hulinda ini yanatia wasiwasi zaidi. Panya waliopewa sumu ya ini mara nyingi hupata nafuu wanapopewa kurkumini, lakini kwa watu kumeripotiwa visa vya homa ya ini vilivyohusishwa na virutubisho vya manjano, hata Italia ikaagiza mwaka 2022 viwekewe onyo. Piperini nayo hupunguza kasi ya ini kuvunja dawa kadhaa, na hivyo zinaweza kuzidi kwenye damu. Karatasi haigusii lolote kati ya hayo.

Kwa yaliyomo ndani naipa bidhaa hii nyota nne kati ya tano, na kwa maelezo yake nyota moja. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mawe kwenye nyongo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizimeze kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia wake.