Siku mbili kwenye kongamano la watu wa maua: nenda, ila usigande mbele ya steji

Haya jamani, kwa wale mlioniuliza kama lile kongamano la kanda la watu wa maua linafaa kulipiwa au ni watu tu kwenda kupiga picha na mashada, jibu langu ni kwamba linafaa, tena sana, ila sio kwa zile sababu zilizoandikwa kwenye tangazo, na kuna vitu vimeniudhi nitavisema humu humu.

Mi niko kwenye maua mwaka wa tisa sasa, duka dogo, harusi napokea, misiba napokea, maua ya mapokezi maofisini napokea. Nilienda na mdogo wangu ninayefanya naye kazi, yeye hata mwaka hajamaliza dukani, kwa hiyo mengine humu nimeyaona mi na mengine kayaona yeye, na mara nyingi yeye ndo alikuwa anaona vizuri.

Tuanze na steji maana ndo kila mtu anaiulizia. Asubuhi ya kwanza mabingwa wanapanda mmoja mmoja, taa, muziki, wanapamba mbele ya ukumbi mzima. Kuna mmoja alisimamisha tao la matawi makavu na mawaridi yanamwagika kama maporomoko, ukumbi wote simu juu, na mi pia simu juu, sikatai. Ila nilivyorudi kuangalia zile video usiku nikagundua hakuna hata moja inayoonyesha mikono yake. Tulikaa nyuma, fundi ametupa mgongo, na kamera inayorusha kwenye skrini kubwa inamulika uso wake. Uso! Sasa uso wa mtu anayepamba unanifundisha nini mi, nataka kuona kidole gumba kakiweka wapi na ile waya kaipitisha upande gani. Waandaaji kama mnasoma, geuzeni kamera iangalie meza, basi.

Kitu kimoja cha maana nilichokitoa pale stejini ni kwamba tao zima halikuwa na hata kipande cha sponji ya kijani, ile wengi tunayoiita Oasis hata kama sio ya kampuni hiyo. Waya wa kuku umekunjwa ndani, vichupa vya maji vimefichwa kwenye kuvumwani, ile mimea laini kama zulia, kwisha. Na hapo ndo ukumbi ulipoanza kuchemka, maana kipindi cha maswali mama mmoja akasimama akasema yeye kaanza kazi na sponji atastaafu na sponji, nusu ya ukumbi wakampigia makofi, nusu wakaguna.

Mi nilikuwa upande wa makofi, niseme ukweli. Sponji inarahisisha maisha, unailoweka, unachomeka mashina, unaondoka. Ila yule bwana wa tao alijibu kwa utulivu mpaka nikaanza kulegea. Akasema hii kitu haina hata miaka mia, imeletwa na Vernon Smithers kule Marekani mwaka 1954, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1953, Constance Spry, mpambaji maua wa Uingereza, alisimamia maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na hakuna aliyelalamika kwamba yamelala. Huyo Spry alikuwa mtu wa waya wa kuku. Af akaeleza kwamba sponji ni plastiki ya fenoli na fomaldehidi, haiozi, inasagika tu inakuwa chembe ndogo ndogo, na yale maji ya kijani tunayomwaga kwenye sinki jioni ndo chembe zenyewe hizo. Watafiti wa chuo kikuu cha RMIT kule Australia walionyesha mwaka 2019 kwamba viumbe wa majini wanazila. Na Royal Horticultural Society, hao wenye maonyesho ya Chelsea pale London, wameipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021. Sijaacha sponji bado, nina boksi zima stoo siwezi kulitupa, ila maji yake sasa nayachuja na kitambaa kabla ya kumwaga. Kichekesho ni kwamba ukitoka tu mlangoni pa ukumbi, banda la kwanza na kubwa kuliko yote lilikuwa la muuza sponji. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa kilichonifanya nione hela yangu imerudi ni chumba kidogo cha nyuma, ambacho kwenye ratiba kiliandikwa tu "utunzaji baada ya kukatwa", jina la kulaza watu, na kweli tulikuwa kama kumi na tano tu wakati wenzetu wote wako stejini. Mwalimu mama mtu mzima, vidole vyake vimeshika rangi ya kijani kwenye mikunjo ambayo nadhani haitoki tena. Hakusalimia sana. Akaifuata ndoo iliyokuwa pale imejaa mawaridi ya mazoezi, akayatoa, akamwaga maji, akapitisha kidole ndani ya ukuta wa ndoo akasugua na gumba. "Njooni wanangu mshike." Tukapita mmoja mmoja. Utelezi. Kama mgongo wa kambare. Akasema huo utelezi ni bakteria, wanaingia kwenye mirija ya shina wanaiziba, maji hayapandi, na siku ya pili mteja anakupigia simu waridi limelegea shingo na wewe unamlaumu mkulima. Ndoo zioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kila zikitoka maji, sio kusuuzwa. Mi kwa miaka tisa nimekuwa nasuuza. Nilimwangalia mdogo wangu, naye akanitazama, hatukusema kitu.

Na hizo ndoo zilikuwa za waandaaji, sijui kama alikumbuka hilo au alifanya makusudi.

Ikaja ya pili kali zaidi. Akaomba tuletewe karnesheni kutoka chumba cha baridi, zikaja zimekunja petali kwa ndani, zimesinyaa kama zimelala, na zilikuwa zimefika jana yake tu mbichi kabisa. Mama akanyanyuka kimya akaenda mwenyewe mpaka kwenye chumba cha baridi, sisi nyuma yake kama vifaranga, akafungua mlango: makreti ya matunda ya mapumziko yamepangwa ukutani, yanatazamana na maua. Hakuhitaji kufundisha tena bana. Matunda yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini, na karnesheni ni katika maua yanayoiogopa kuliko mengi, likishaivuta linajikunja na ukilirudisha kwenye maji halifunguki tena. Waandaaji wa kongamano la maua, watu wa maua wenyewe, wanaweka matunda na maua chumba kimoja! Nimekasirika kwa ajili ya yale maua na wakati huo huo sijawahi kupata somo nililolielewa haraka hivyo.

Mengine aliyapitisha haraka haraka na nilikuwa naandika mkono unauma. Chakula cha maua kina vitu vitatu, sukari ya kulisha ua, asidi ya kushusha pH, yaani kuyapa maji uchachu kidogo, ili yapande vizuri, na dawa ya kuzuia bakteria, kwa hiyo wewe unayetia kijiko cha sukari peke yake kwenye chombo unawalisha bakteria. Maua mengi yanapenda baridi ya karibu na nyuzi 2, ila ya kitropiki kama anthuriamu usiyashushe chini ya 12 hivi, yanaungua yanakuwa meusi. Jabera maji machache, shina lake linaoza. Haidranjea ikinywea unaizamisha kichwa kizima ndani ya maji, inakunywa kwa petali pia. Tulipu inaendelea kurefuka hata baada ya kukatwa kwa hiyo usishangae asubuhi ukikuta imezipita zingine zote kwenye shada. Narsisi iwekwe peke yake kwanza, ile ute wake inaua majirani.

Mchana ikawa vitendo, shada la mkononi la spairo, yaani la mashina ya kuzungusha. Hii naijua, nikajisemea nitapumzika. Kumbe! Mwalimu akasema kila mtu akimaliza alisimamishe shada lake mezani kwa mashina, bila chombo, bila kushika. Kama kila shina umeliegemeza upande mmoja na umelizungusha shada mkononi bila kubadilisha mwelekeo, miguu yote inafunguka chini na linasimama lenyewe. Langu likasimama. Nikaanza kutabasamu. Likayumba, likainama taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta, puu. La mdogo wangu likasimama mpaka tulipoondoka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, lile tawi la tano umeliweka kinyume, nilikuona." Sasa kama uliniona si ungesema? Ndo heshima imeniponza.

Siku ya pili asubuhi kulikuwa na kipindi cha bei, na hapa wale wenye maduka nawaomba mtege sikio. Dada anayeendesha alitupa karatasi akasema andikeni shada la mwisho mlilouza, kila kitu kilichoingia, kila kitu. Watu tukaandika mawaridi kumi, majani, basi. Akauliza tepu je, utepe je, karatasi ya kufungia, pini, chakula cha maua, yale mawaridi mawili yaliyovunjika shingo ukayatupa, na dakika ngapi umesimama? Nilipomaliza kujaza ile karatasi nikaona wazi kwamba kwenye shada lile kazi yangu niliigawa bure, na pengine nililipia mimi. Yeye kanuni yake ni kuzidisha gharama ya maua mara tatu, vifaa mara mbili, halafu juu yake unaweka ufundi kama mstari wake peke yake. Wengine walibisha kwamba wateja wao watakimbia. Mi nimeanza na maua ya harusi kwanza, ya kaunta nayaangalia kidogo kidogo. Kipindi kilikuwa saa moja tu wakati mabingwa wa stejini walipewa asubuhi nzima, hapo waandaaji wamekosea hesabu kabisa.

Mashindano yalikuwa mchana na sikutegemea yangenishika vile. Kila mshindani anapewa boksi limefungwa, vitu vilevile kwa wote, hajui kuna nini ndani, saa moja, anza. Kijana mmoja alimaliza dakika kumi kabla ya muda akasimama amekunja mikono, kazi inang'aa, watu tayari tumeshampa ushindi. Jaji akaja, hakuangalia hata ule uzuri, akaingiza vidole viwili katikati ya majani akafuata shina moja moja mpaka chini. Akakuta jabera tatu hazigusi maji. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, yule kijana mikono ikakunjuka. Aliyeshinda ni mama ambaye kazi yake kwa mbali ulikuwa unaipita, ila ukisogea huoni waya, huoni tepu, huoni chochote kilichoshika chochote, na nyuma pametengenezwa kama mbele. Mimi nyuma ya kazi zangu huwa naegemeza ukutani, naomba yabaki baina yetu.

Usiku ni sherehe na tuzo. Hotuba ndefu, maiki inakoroma, kila mdhamini kapewa dakika tano akachukua kumi na tano. Ila walipompandisha mzee mmoja aliyekuwa kwenye maua zaidi ya miaka arobaini, na wale aliowafundisha wakaambiwa wasimame, karibu meza nne nzima zikasimama, jamani nilibanwa na kitu kooni. Baada ya hapo muziki, na ukitaka kujua watu wa maua wanafananaje wakicheza, wanacheza huku wanapangua mapambo ya meza. MC alivyotangaza kwamba mapambo ya ukumbi yanaweza kuchukuliwa, heshima iliisha sekunde ileile. Nimemwona jaji mmoja wa mashindano, kavaa gauni la kung'aa, anatoka na okidi kwapani.

Kwa kifupi nyota nne, moja nimeikata kwa kamera, ratiba na yale makreti. Ukienda mwakani jisajili mapema kwa madarasa ya vyumba vya nyuma maana ya vitendo yanajaa, steji hata ukisimama mlangoni unaona. Nenda na mfanyakazi wako, usiende peke yako. Vaa viatu vya kusimama. Na mkasi wako uuzungushie tepu ya rangi kwenye mpini kabla hujatoka nyumbani, mikasi yote ya watu wa maua inafanana, wangu ulipotelea kwenye meza ya spairo siku ileile ya kwanza na mpaka leo naazima wa mdogo wangu, ambaye siku hizi kabla ya kunipa ananiuliza kwanza kama ndoo nimeshaziosha.