Seti ya Pistoni kwa Mashine ya Boti ya Farasi 15: Tumeijaribu Mtera

Karibuni, watazamaji. Mezani nina pistoni mbili. Hii nyeusi, yenye michirizi upande wa ekzosti, imetoka kwenye Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15 iliyogoma katikati ya Bwawa la Mtera wakati wa kiangazi. Hii inayong'aa ni ya seti ninayoichambua leo, ambayo haikutoka kiwanda cha Yamaha. Ni ile ya bei nafuu inayouzwa pamoja na ringi, pini, klipu na gasketi.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu seti, tazameni kilichoiua mashine. Hii ni impela ya pampu ya maji, gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza mashine, na mabawa yake mawili yamekatika. Mtera lilijengwa kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, kwa hiyo kina chake hupanda na kushuka, na maji yakipungua boti hupita juu ya tope na visiki. Tope hilo ndilo linalotafuna mpira huu. Nahodha aliona mashine haikojoi, yaani haitoi mchirizi wa maji ya kupoza, akasema atafika tu mwaloni. Hakufika.

Silinda za mashine hii zina kipenyo cha milimita 56. Ya chini ilikuwa imechimbika kiasi kwamba msasa usingeisaidia, hivyo fundi mmoja wa Dodoma mjini alizichonga zote mbili hadi ovasaizi ya milimita 0.50, yaani kipenyo kilichozidi kile cha awali kwa kiasi hicho. Nunueni pistoni kwanza, ndipo mpeleke silinda, kwa sababu fundi makini huchonga kwa kuipima pistoni iliyo mkononi mwake, haamini namba ya kwenye boksi.

Pistoni za seti hii sina ugomvi nazo. Ringi ndizo zilizonisumbua: nilipoingiza moja ndani ya silinda na kuisukuma kwa pistoni ili ikae sawa, ncha zake zilikaribia kugusana, na fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, haikupita hadi nilipozipiga tupa kidogo. Oneni pia kipini hiki kidogo kwenye mfereji wa pistoni. Ncha za ringi lazima zikikumbatie, la sivyo ringi itazunguka, ncha itanasa kwenye tundu la ekzosti na kuvunjika. Gasketi ya kichwa niliitupa nikanunua ya kiwandani, kwa kuwa hii ilikuwa laini kama kadi ya harusi.

Vipande vya impela navyo nilivitafuta, kwani kimoja kilikuwa kimekaa kwenye njia ya maji ya silinda, na kingeziunguza pistoni mpya vilevile.

Kwa saa 10 za mwanzo tulichanganya lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, bila kufungua moto wote; moshi ulikuwa mwingi, nahodha akalalamika. Sasa tunatumia nusu lita kwa kiasi kilekile cha petroli. Asubuhi mashine huwaka kwa mvuto wa pili wa kamba, na plagi zina rangi ya kahawia.

Kwa bei yake, ningeinunua tena, ila bila kuitegemea gasketi. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiwa inacheza kwenye bering zake, msipoteze fedha kwenye seti hii. Hapo tafuteni mashine nyingine. Ya kwetu ilikuwa nzima, na nahodha sasa ana impela ya akiba kwenye boksi lake la spana.