Fleti ya muda mfupi: Airbnb au mwenye nyumba moja kwa moja?

Kwa siku tano, Airbnb, tovuti ya kukodi makazi ya muda mfupi, ni rahisi zaidi, na fedha humfikia mwenyeji baada ya wewe kuingia. Ila ada za huduma na usafi huvimbisha bei. Angalia jumla, si bei ya usiku mmoja.

Kwa miezi miwili, mwenye nyumba mara nyingi ni nafuu, na bomba likipasuka hufika upesi akiwa jirani. Lakini hapa ndipo matapeli hujificha. Usitume amana kabla ya kuona fleti na mkataba, hata ukiambiwa wengine wanaisubiri!

Huna mtu wa kukukagulia fleti? Ada za Airbnb zina thamani yake. Una ndugu mjini? Mtume akaione, kisha elewana bei na mwenye nyumba.