Ndondi kwa Kocha wetu, Bondeni Nakuru: nyota nne na nusu, hiyo nusu nimekata juu ya paa

Hii nilipaswa kuandika kitambo, nilikuwa nangoja Kocha apone kwanza ndio niandike nikiwa na roho safi, lakini figo si homa, nikingoja hivyo sitaandika. Wacha niseme venye mambo yako sasa.

Mahali ni holi ya mabati tu, usitarajie kioo na muziki. Kuna begi tatu za kupiga, moja imeshonwa na turubai ya lori na ndani wamejaza nguo kuukuu, ukiipiga vibaya kifundo kitakuambia usiku. Ulingo ni kamba zimefungwa kwa nguzo nne, chini mikeka. Mvua ikinyesha kona ya nyuma inavuja na vijana washazoea kuizunguka wakipigana, yaani unaona mtu anakwepa ngumi na ndoo kwa wakati mmoja. Choo sitaki kuongelea.

Watoto wanalipa mia mbili kwa mwezi, sisi watu wazima elfu. Lakini kuna watoto najua hawajalipa tangu Januari na bado wanafungwa bandeji mkononi kama wengine, hiyo ndio biashara ya Kocha, mke wake alishachoka kumwambia.

Mimi niliingia hapo miaka sita imepita na kilo 97, nikajua siku ya kwanza nitavalishwa glavu nipigwe picha. Wapi! Wiki mbili nzima ni miguu tu. Amechora mstari wa chaki kwa simiti, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, songa bila kuvukisha. Nikivukisha hasemi kitu, ananigusa kisigino na kamba ya kuruka halafu anaangalia kando kama si yeye. Akaniita Gunia, na nimekuwa Gunia hadi leo hata kwa watoto wa darasa la nne. Nimeenda jim ingine hapa mjini yenye eyasii ya kupoza hewa na kocha kijana mwenye misuli, sijawahi kusahihishwa mguu huko hata siku moja, unalipa unajipigia begi unaenda.

Sasa mgonjwa mwenyewe. Presha alikuwa nayo miaka mingi, kichwa kikiuma anameza dawa anarudi kushika pedi, zile za mkononi za kupokea ngumi, kliniki anasema ataenda wiki ijayo. Halafu viatu vikaanza kukataa kuingia jioni, miguu imejaa, na sisi tukamcheka ati Kocha ameanza kula vizuri. Hiyo bado inaniuma. Ile presha ilikuwa inakula figo polepole na mtu hasikii kitu, alipoenda kupimwa zilikuwa zimebaki jina. Saa hii ni dayalisisi, kusafishwa damu, Jumanne na Ijumaa, saa nne nzima kwa mashine kila mara, na hizo siku usimtafute, akirudi ni kulala.

Siku zingine ako kwa kiti ya plastiki karibu na mlango, sufuria kwa paja na kijiko, hiyo ndio kengele yetu. Dakika tatu, kijiko, dakika moja pumzika, kijiko. Kushika pedi hawezi tena, mkono wa kushoto umefanyiwa upasuaji wakaunganisha mishipa ya damu ndio sindano za mashine ziingilie hapo, ukiweka kidole unasikia inatetemeka kama simu iko kimya. Anatuonyesha kama medali. Na mnisamehe lakini naona anafundisha vizuri kuliko zamani, zamani alikuwa katikati anapigwa pedi, sasa kazi yake ni kuangalia miguu ya kila mtu na hakuna kitu kinampita.

Kitu kinanimaliza ni maji. Huyu ndio alikuwa anapiga kelele "kunyweni maji!" hadi jirani anasikia, sasa figo haziwezi kutoa maji, yake yanapimwa kwa kikombe kimoja anakiweka chini ya kiti, anabugia kidogo anakirudisha. Bado anatupigia kelele tukunywe. Ndizi pia amekatazwa na alikuwa mtu wa ndizi sana, watoto wakisahau wakamletea anashukuru, anangoja waende, ananipa mimi.

Jumamosi iliyopita msichana mmoja alirudi kutoka mashindano amelia macho yamevimba, alishindwa kwa pointi. Kocha akamwambia ile stori yetu sote tunaijua kwa kichwa, kwamba Mexico 1968 Philip Waruinge wa hapa Nakuru alipata shaba tu, na hiyo mwaka George Foreman alichukua dhahabu ya uzito wa juu, lakini kombe la Val Barker, la bondia bora wa Olimpiki nzima, alipewa nani? Msichana akasema Waruinge. "Na alikuwa na shaba. Haya, chukua kamba." Mara hii sauti ilimkatikia katikati akapumzika kidogo, tukajifanya tunafunga viatu.

Kwa hivyo ndio, peleka mtoto, nenda na wewe. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi kutoka saa kumi, Jumamosi asubuhi. Beba bandeji zako na chupa ya maji. Ukitaka kumsaidia usimpe pesa mkononi, atanunua glavu, nimemshika mara mbili. Lipia mtoto mmoja ada ya mwaka ama umpe mke wake nauli ya hospitali, anauza mboga hapo nje ya geti.

Msalimie na mkono wa kulia, wa kushoto ni wa mashine. Mwambie umetumwa na Gunia, atacheka, halafu ataangalia miguu yako.