Mkanda wa risasi au koti lenye mifuko? Nimezamia baharini na vyote viwili

Bandarini Dar, askari wa mizigo aliniuliza begi limebeba nini kizito hivyo. Nikajibu bila kufikiri: "Mkanda wa risasi, kaka." Yaliyofuata mnaweza kuyakisia, ingawa nilimaanisha ule wa wazamiaji, wenye vipande vya madini ya risasi vya kutuzamisha. Siku hizi nasema "mkanda wa kuzamia", na vyuma vyenyewe naazima huko huko Unguja. Nasafiri na mkanda mtupu.

Mkanda huu nimeurudia baada ya miaka miwili ya koti la kuzamia (lile linalojazwa hewa ili uelee) lenye mifuko ya risasi ubavuni. Koti nililipenda, nisiseme uongo. Nabeba kilo 6 kwa suti ya milimita 3, na kiuno changu cha kukaa ofisini hakikulalamika hata siku moja.

Taabu ilikuwa kurudi botini. Boti ninazopanda kwenda kisiwa cha Mnemba ni ndogo, ngazi ama hakuna ama fupi. Unavua vitu majini, unampa baharia, halafu unapiga mapezi na kujivuta juu. Mkanda unaufungua kwa mkono mmoja, unampa kwanza, basi. Koti lazima ukumbuke kuchomoa mifuko. Siku niliyosahau, mzee aliyekuwa akilivuta pamoja na mtungi alisimama akapumua, akaniangalia: "Mwanangu, humu umetia mawe ya msingi?"

Hilo ni la kucheka. La pili halikuchekesha. Mifuko yangu ilishikwa na velkro, na velkro ikishaingia mchanga na chumvi inachoka. Mita 14 chini, mfuko wa kushoto ukachomoka na kilo 3. Nikaanza kupanda kama boya, upande mmoja juu. Nikamwaga hewa yote ya koti, nikapumua nje, nikang'ang'ania mwamba (wa matumbawe yaliyokwisha kufa, msiniseme) mpaka mwenzangu alipouokota mfuko. Ukitaka koti la namna hii, chukua lenye vifungo vinavyolia "tak", na uvute mifuko yote miwili kabla hujaruka.

Sasa mkanda, lakini si ule wa nailoni wa kuazima. Ule unaukaza juu, ukifika chini suti inabanwa na maji, mkanda unalegea na kifungo kinahamia mgongoni. Wa mpira unaufunga ukiwa umevutika, kwa hiyo suti ikipungua nao unajirudi. Hata nikiingilia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, nikitembea juu ya miamba na mtungi mgongoni, afadhali uzito ukae nyongani kuliko kuning'inia mabegani.

Kilo 4 naweka mkandani, 2 kwenye vijifuko vya ukanda wa mtungi ili miguu isizame. Idadi hiyo niliipata kwa kupima mwisho wa mzamio, mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo, presha ya bar 50. Mtungi wa alumini ukijaa unazama, ukikaribia kuisha unataka kuelea, kwani hewa uliyovuta ni kama kilo 2. Ukipima mwanzoni utajidanganya.

Adui wa mpira ni jua. Wangu wa kwanza niliusahau mchana kutwa juu ya paa la boti, mara kadhaa, ukaanza nyufa kwenye matundu ya kifungo. Huu wa pili nauosha kwa maji ya bomba na kuuanika kivulini.